Siku Aliyoiandika Karani na Siku Aliyoikumbuka Mama: Kuzaliwa na Kuandikwa Katika Utamaduni wa Kituruki

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wahifadhi wa nyaraka na ndugu zangu mliohudhuria, assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo nawaamkia kwa heshima ileile.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna Waturuki wanavyoisherehekea siku ya kuzaliwa na namna wanavyoiandika. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu katika miaka minne niliyosoma Bursa nilipanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja mjane ambaye sisi wapangaji wote tulimwita Teyze, neno ambalo Mturuki humwitia dada wa mama yake, na kwa heshima humwitia mwanamke yeyote aliye rika la mama yake. Kitambulisho cha Teyze kilisema kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari 1941. Cha kaka yake kilisema 1 Januari 1938, na cha mdogo wao 1 Januari 1943. Nilipomwuliza imekuwaje ndugu watatu wasio mapacha wazaliwe tarehe moja, alinijibu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa siku hiyo. Baba yao alishuka mjini katika msimu wa baridi, kazi za shamba zilipokwisha, akawaandikisha wote watatu kwa safari moja. Karani alipouliza tarehe alipewa miaka tu, na mwezi na siku akavijaza mwenyewe. Yeye Teyze, kwa kauli ya mama yake, alizaliwa wakati cheri zinaanza kuwiva, alfajiri, kabla ng'ombe hawajakamuliwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia historia iliyo baina ya tarehe hizo mbili. Ninalotaka kulisema mbele yenu leo ni kwamba kwa Waturuki daftari lilitangulia keki. Sherehe ya siku ya kuzaliwa, kama inavyofanyika leo katika nyumba za Istanbul na Ankara, haikuweza kuenea mpaka serikali ilipompa kila mtu tarehe yake; lakini kabla ya tarehe hiyo watu hawakuwa wasahaulifu. Walikuwa na kumbukumbu ya namna nyingine, yenye taratibu zake na ushahidi wake, na sisi tunaoshughulika na nyaraka hatuna haki ya kuidharau.

Niruhusuni nianze na maneno, maana mengi yao ni ndugu wa maneno yetu. Mturuki akisema *ömür* anasema umri, akisema *tarih* anasema tarehe, na akisema *nüfus*, neno lililoandikwa juu ya kila daftari la watu na kila cheti cha zamani, anasema nafsi kwa wingi wake. Daftari lenyewe huitwa *nüfus kütüğü*, na *kütük* maana yake ya asili ni gogo la mti, kana kwamba kila familia ni tawi lililochipua kutoka shina moja. Cheti cha utambulisho watu wa kawaida walikiita *kafa kâğıdı*, karatasi ya kichwa. Neno la kuzaliwa, *doğmak*, ndilo hilohilo la kuchomoza kwa jua, na kutokana nalo mashariki huitwa *doğu*. Kwa hiyo anayesema *doğum günü*, siku ya kuzaliwa, anatumia neno ambalo ndani yake mna macheo.

Desturi ya kupima maisha kwa umri ni ya kale sana kwa watu wa lugha hii. Katika bonde la Orkhon, ambalo leo limo Mongolia, yapo mawe mawili yaliyochongwa maandishi ya Kituruki cha kale, moja la mwaka 732 kwa kumbukumbu ya mwanamfalme Kül Tigin, na la pili la mwaka 735 kwa kumbukumbu ya kaka yake, Bilge Kağan. Humo Bilge Kağan husimulia vita vyake kwa kutaja umri wake: nilipokuwa na miaka 17 niliwaendea Watangut, nilipokuwa na miaka 18 niliwaendea Wasogdi. Umri wa mtawala ndio uliokuwa kalenda ya taifa. Hata namna ya kuhesabu inastahili kuangaliwa, kwa kuwa 17 husemwa kwa maneno yenye maana ya saba kuelekea 20, yaani mtu ameshaingia katika makumi ya pili na anahesabiwa kwa kule anakokwenda. Mwelekeo huo haujafa. Leo Mturuki hasemi tu kwamba ana miaka 20. Husema *yirmi yaşına bastı*, amekanyaga miaka 20, na aliyemaliza 19 husemwa kwamba ameshachukua siku kutoka katika 20. Ndiyo sababu ukimwuliza mzee umri wake ni lazima umwulize pia kama ni miaka aliyoimaliza au ni mwaka alioukanyaga.

Waturuki wa kale walikuwa pia na mzunguko wa miaka kumi na miwili yenye majina ya wanyama. Mahmud wa Kashgar, aliyeandika kamusi yake kubwa ya Kituruki kwa Kiarabu huko Baghdad katika miaka ya 1070, anaitaja yote: panya, ng'ombe, chui, sungura, mamba, nyoka, farasi, kondoo, nyani, kuku, mbwa na nguruwe. Anaeleza kwamba kwa miaka hiyo watu walijua umri wa watoto na tarehe za vita. Mtu aliyesema kwamba alizaliwa mwaka wa kondoo hakuhitaji namba, kwa kuwa aliyemtazama usoni aliweza kukadiria kama kondoo huyo amepita mara mbili au mara tatu. Jiwe la Kül Tigin lenyewe linasema kwamba alifariki katika mwaka wa kondoo, akiwa na miaka 47.

Uislamu ulipoingia ulileta mwezi mwandamo, na hapa ndugu zangu wa pwani mtajiona nyumbani. Mtoto wa Kituruki akizaliwa husomewa adhana katika sikio la kulia na ikama katika la kushoto, kisha jina lake hutamkwa mara tatu. Mzazi hukaa arubaini yake ndani, akiletewa sharubati nyekundu yenye mdalasini na karafuu, na siku ya 40 mama na mtoto huoshwa kwa maji ambayo katika sehemu nyingi hutiwa vijiwe 40. Baadaye, jino la kwanza likiota, hupikwa ngano nzima, *diş buğdayı*, majirani hualikwa, na mtoto huwekewa mbele yake kalamu, mkasi, kioo, kitana au msahafu, aguse kile ambacho wazee watakisoma kuwa ndiyo kazi yake ya baadaye. Sherehe hizi zote huhesabu siku na viungo vya mwili: siku ya 40, jino la kwanza, hatua ya kwanza. Hakuna hata moja iliyohesabu mwaka. Mtoto alisherehekewa kwa sababu alikuwa amevuka hatari, na katika karne ambazo watoto wengi hawakuvuka, hiyo ilikuwa ndiyo furaha ya kweli.

Hatari hiyo imeandikwa katika majina. Mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa aliitwa Dursun, yaani na akae, au Durmuş, amekaa, au Yaşar, anaishi. Binti aliyezaliwa katika nyumba yenye mabinti wengi aliitwa Yeter, yatosha, na jina hilo kila nilipolisikia lilinitia huzuni, kwa kuwa mtu amelibeba maisha yake yote. Majina mengine yalikuwa tarehe kamili: Recep, Şaban na Ramazan kwa miezi mitatu mitukufu, Bayram kwa sikukuu, Arife kwa siku inayotangulia sikukuu, Kadir kwa usiku wa cheo, Cuma kwa Ijumaa. Sisi wenye akina Rajabu, Shabani, Ramadhani, Juma na Chausiku hatuhitaji mkalimani hapo.

Nataka niseme jambo la kazi kwa wenzangu wa nyaraka, maana hapa ndipo penye hazina. Jina kama Ramazan peke yake halimpi mtafiti mwaka, kwa kuwa mwezi mwandamo huzunguka majira yote. Msimu peke yake nao haumpi mwaka. Lakini vikutanishwe viwili hivyo, na mwaka huanza kuonekana. Mzee aitwaye Ramazan anasema mama yake alimzaa wakati wa kupura ngano, na katika Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki iliyo upande wa Asia, hiyo ni Julai na Agosti. Ramadhani ilianza katika miezi hiyo kati ya mwaka 1944 na 1948, na mara iliyotangulia ilikuwa kati ya 1911 na 1916. Aliyeketi mbele yako ama ni wa kundi la kwanza ama ni wa la pili, na uso wake utakuambia ni lipi. Kauli ya mama aliyekuwa hajui kusoma imekupa muda wa miaka mitano au sita, wakati ambapo daftari lililojazwa kwa kukisia linaweza kukosea kwa muda huohuo au zaidi.

Familia zilizojua kusoma ziliandika. Mahali pa kuandika palikuwa kurasa tupu za mwanzo au za mwisho za msahafu, au kitabu kingine chenye heshima: fulani bin fulani amezaliwa usiku wa Jumatatu, mwezi kadhaa, mwaka kadhaa, Mungu amjaalie umri mrefu. Nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu zimehifadhi kurasa kama hizo, na naomba kwa dhati kwamba anayerithi msahafu uliochakaa asiuondoe nyumbani kabla ya kuzitazama. Watu wa juu walikwenda mbali zaidi wakatumia abjadi. Mshairi alitunga mstari ambao thamani za herufi zake zikijumlishwa hutoa mwaka wa tukio, na sanaa hiyo waliiita *tarih düşürme*, kudondosha tarehe. Mfano mashuhuri si wa mtoto bali wa mji: maneno *beldetün tayyibetün*, mji mwema, yaliyomo katika sura ya 34 ya Kurani, iitwayo Sabaa, hujumlisha 857, na 857 ya Hijria ndio mwaka 1453 Waturuki walipoiteka Istanbul. Kwa njia hiyohiyo walidondoshewa tarehe wanawafalme waliozaliwa katika jumba la Topkapı, ambao kuzaliwa kwao kulitangazwa kwa mizinga na taa za mjini. Katika karne ya 19 masultani wakaanza pia kuadhimisha kila mwaka siku zao wenyewe za kuzaliwa. Mkulima wa Anatolia alisikia mizinga, lakini siku yake mwenyewe ilibaki kwa mama yake.

Sasa niingie katika daftari. Mwaka 1831, chini ya Sultani Mahmud II, dola ya Uthmaniya ilihesabu watu wake kwa mara ya kwanza kwa utaratibu mpya, na iliwahesabu wanaume tu, kwa kuwa ilichotafuta kilikuwa askari na walipa kodi. Daftari za wakati huo zinasomeka kama michoro ya watu. Karani hakuwa na picha, kwa hiyo aliandika mwili: wa kimo cha wastani, ndevu nyeusi, umri 35, mrefu, ndevu za mvi, umri 60, masharubu yanaanza kuota, umri 17. Umri ulikadiriwa kwa kumtazama mtu, nao mara nyingi uliishia kwenye makumi au kwenye tano. Wanawake hawakuandikwa kwa ukamilifu mpaka utaratibu ulioanza katika miaka ya 1881 na 1882, ambapo kila mtu alitakiwa awe na hati yake ya nafsi.

Ukishajua daftari lilikuwa la nani, utaelewa kwa nini mama aliliogopa. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa kiume ulikuwa ndio mwaka wa kuitwa jeshini. Upo wimbo wa majonzi wa mji wa Tokat, unaojulikana nchi nzima, unaowataja vijana kwa namba, *onbeşli*, wale wa 15. Namba hiyo ni mwaka wa kuzaliwa, 1315 ya kalenda ya Rumi, yaani vijana waliozaliwa kuanzia Machi 1899, walioitwa vitani katika vita kuu vya kwanza wakiwa bado hawajakomaa. Watu wa rika zima wanakumbukwa kwa tarakimu mbili za daftari. Kwa hofu hiyo wako wazazi waliochelewa kumwandikisha mtoto wa kiume miaka miwili au mitatu. Kwa upande wa mabinti lilitokea kinyume chake, na wako walioomba umri wa binti uongezwe ili aolewe mapema; katika jambo hilo tarehe ya uongo ilimdhulumu mtu ambaye hakuulizwa. Na ilikuwapo desturi nyingine ya vijijini, yenye uchungu wa pekee: mtoto akifa, kifo chake hakikuripotiwa, na mdogo wake aliyezaliwa baadaye alipewa jina na hati ileile. Mtu huyo aliishi, akasoma, akaoa na akastaafu kwa tarehe ya kuzaliwa ya ndugu yake aliye kaburini.

Nimeitaja kalenda ya Rumi, na sina budi kuieleza, maana bila hiyo hakuna cheti cha zamani cha Kituruki kinachosomeka. Dola ilitumia miaka ya Hijria, lakini kodi hulipwa baada ya mavuno, na mavuno hufuata jua. Kwa hiyo mwaka 1840 mambo ya fedha yalihamishiwa kwenye kalenda ya jua iliyoendelea kuhesabu miaka tangu Hijra na iliyoanza mwaka wake tarehe 1 Machi. Polepole kalenda hiyo ikaingia katika shughuli zote. Mtu aliweza sasa kuwa na miaka miwili tofauti ya kuzaliwa, ya mwezi na ya jua, na umri wake nao ukatofautiana, kwa kuwa miaka 33 ya mwezi ni takriban 32 ya jua. Ili kupata mwaka wa Miladia kutokana na wa Rumi huongezwa 584, lakini aliyezaliwa Januari au Februari kabla ya badiliko la mwaka 1917 huongezewa 585, na kosa la kusahau jambo hilo nimeliona hata katika maandishi ya watu waliosoma sana.

Kisha likaja badiliko la mwaka 1917. Ili siku za Rumi zilingane na za Ulaya, ziliondolewa siku 13: tarehe 15 Februari 1332 ilifuatwa na tarehe 1 Machi 1333. Hakuna binadamu aliyezaliwa katika dola ile tarehe 20 Februari 1332, kwa kuwa siku hiyo haikuwapo. Mwaka 1333 wenyewe ulikuwa na miezi kumi tu, kuanzia Machi hadi Desemba, kwa sababu iliamuliwa kwamba kuanzia hapo mwaka uanze Januari. Hatimaye Jamhuri, iliyotangazwa tarehe 29 Oktoba 1923, ilipitisha sheria tarehe 26 Desemba 1925 kwamba siku itakayofuata tarehe 31 Desemba 1341 itakuwa tarehe 1 Januari 1926. Watu walilala katika karne ya 14 wakaamka katika karne ya 20. Hata majina ya miezi hayakutulia, kwani mwaka 1945 miezi minne ilipewa majina mapya, na mtoto wa *Kânunusani* akawa mtoto wa *Ocak*.

Sheria iliyoandamana na ile ya kalenda ilibadili saa. Hadi wakati huo saa ya Kituruki, waliyoiita *alaturka*, ilihesabiwa kwa kuchwa kwa jua, na jua likizama ilikuwa saa kumi na mbili. Sisi ambao tungali tunasema saa kumi na mbili za jioni tunaelewa papo hapo maana yake kwa kuzaliwa. Siku ilianza magharibi. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi usiku alizaliwa usiku wa Ijumaa, na mama yake alijivunia hivyo, na huenda akamwita Cuma. Kwa saa mpya, inayohesabu siku tangu usiku wa manane, mtoto yuleyule ni wa Alhamisi. Nikikuta jina Cuma na daftari linasema Alhamisi, siharakishi kusema kwamba mmoja amekosea.

Katika mambo hayo yote ndimo ilimozaliwa tarehe 1 Januari ya Teyze. Sensa ya kwanza ya Jamhuri ilifanyika tarehe 28 Oktoba 1927, na ilihesabu watu milioni 13.6, wengi wao wakiwa vijijini. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaandika waliokuwa bado hawamo daftarini, walioitwa *gizli nüfus*, nafsi zilizofichika, na mwaka huohuo kila familia ikatakiwa kuchukua jina la ukoo. Makarani walikuwa na kazi kubwa, nao walipewa mwaka bila siku. Sheria ya hifadhi ya jamii mpaka leo inalo jibu kwa watu hao: asiyeandikiwa mwezi wala siku huhesabiwa kuwa amezaliwa tarehe 1 Julai, na aliyeandikiwa mwezi tu huhesabiwa tarehe ya kwanza ya mwezi huo. Kwa hiyo wapo wazee waliopokea siku yao ya kuzaliwa kutoka kwa karani, na wapo walioipokea kutoka kwa sheria yenyewe walipokwenda kudai pensheni. Wengine walikwenda mahakamani kuomba umri wao urekebishwe, na humo shahidi mara nyingi alikuwa jirani wa kijijini aliyekumbuka kwamba fulani na fulani walinyonya wakati mmoja.

Hata mtu mwenye siku ya kuzaliwa inayojulikana kuliko zote nchini humo hakuwa na tarehe. Mustafa Kemal Atatürk alizaliwa Selanik, mji ambao leo ni Thessaloniki wa Ugiriki, na kilichoandikwa ni mwaka 1296 wa Rumi. Mwaka huo ulianza Machi 1880 ukaisha Machi 1881, na cheti chake cha Jamhuri kikaandikwa 1881. Mwezi na siku havikujulikana. Yeye akaichagua tarehe 19 Mei, siku aliyoshuka Samsun mwaka 1919 kuanza harakati za kuikomboa nchi, siku ileile anayoanzia simulizi ya hotuba yake ndefu ya mwaka 1927. Tangu 1938 tarehe hiyo ni sikukuu ya vijana na michezo. Nalitazama jambo hili kwa heshima kubwa. Mtu aliyezaliwa katika kizazi ambacho siku zake hazikuandikwa alipopewa nafasi ya kujaza pengo, hakuandika siku aliyoingia duniani bali siku aliyoona kwamba maisha yake yalipata kazi.

Sherehe ya kila mwaka iliyokuwapo kwa wote, mjini na kijijini, ilikuwa ni ya kuzaliwa kwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Usiku wa Maulidi, ambao Waturuki wanauita Mevlid Kandili, minara huwashwa taa, na husomwa utenzi wa Süleyman Çelebi, aliyekuwa imamu wa Msikiti Mkuu wa Bursa na kuukamilisha mwaka 1409. Utenzi huo kwao ni kama Barzanji kwetu, isipokuwa wao husoma kwa lugha yao wenyewe, Kituruki. Humsomea mtoto aliyezaliwa, huusoma katika jando, na huusoma arubaini ya maiti. Unapofika penye kuzaliwa kwa Mtume, waliohudhuria husimama. Niliposimama nao mara ya kwanza, katika msikiti uleule aliouongoza mtunzi, nilihisi niko nyumbani Tanga, na sioni aibu kusema kwamba nilitokwa na machozi.

Sherehe ya mtu binafsi ilikuja kupitia miji. Ilianza katika nyumba za matajiri na za watu wa jamii zisizo za Kiislamu mwishoni mwa enzi ya masultani, ikapata nguvu katika Jamhuri kwa shule, na leo imeenea kila mahali. Keki huitwa *pasta*, taa huzimwa, mishumaa huwashwa, na mwenye siku hunuia jambo moyoni kabla ya kupuliza. Huimba kwa sauti inayojulikana duniani kote, lakini maneno ni yao, *iyi ki doğdun*, ni heri kwamba ulizaliwa. Naona tofauti kubwa baina ya maneno hayo na pongezi tupu. Hayamtakii mtu furaha. Yanamshukuru kwa kuwapo. Kisha humwambia *nice yıllara*, ufikie miaka mingi. Mezani kwa watoto utakuta börek, kitafunio cha unga kilichojazwa ndani, saladi ya bulgur, yaani ngano iliyovunjwa, waitayo *kısır*, na chai kwa wakubwa. Mtoto anayetimiza mwaka hupewa robo ya sarafu ya dhahabu, iliyofungwa utepe mwekundu, na ndani ya zawadi hiyo ya zamani tunaiona ileile furaha ya aliyevuka.

Daftari nalo limekamilika. Tangu mwaka 2000 kila raia ana namba ya tarakimu 11, mtoto huandikishwa ndani ya siku 30, na mwezi wa Februari 2018 serikali ilipofungua kwenye mtandao huduma ya kutazama nasaba, watu waliingia kwa wingi kiasi kwamba mfumo ulielemewa ukafungwa kwa siku kadhaa. Walikuwa wakiwatafuta babu wa babu zao, na wengi walikuta mwaka mtupu, usio na mwezi wala siku.

Teyze alikuwa na simu ndogo. Tarehe 1 Januari kila mwaka ililia tangu asubuhi, kwa salamu zinazojituma zenyewe kwa kufuata kitambulisho, naye alizisoma, akashukuru kwa sauti, akaiweka simu kando. Siku yake ilikuwa nyingine, na haikuwa na namba. Mwanzoni mwa Juni binti yake alianza kupita sokoni kila asubuhi kutazama kama cheri za kutoka vijiji vya mlimani zimeshaletwa, na siku zilipoletwa, iwe Jumanne au Jumamosi, iwe tarehe 3 au tarehe 11, ndiyo siku tuliyokusanyika jikoni kwake jioni. Mwaka wangu wa mwisho nilipewa mimi kazi ya mishumaa, nikamwuliza nichomeke mingapi. Alisema niweke mmoja. Taa ilizimwa, tukaimba kwamba ni heri alizaliwa, akapuliza, na kabla keki haijakatwa akachukua cheri ya kwanza bakulini, akaipasua kwa kidole, akatoa kokwa, akaniwekea nusu kiganjani.